Kovu Alilolificha Hippolyte

Pélagie alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Bwaise, mzaliwa wa Bukavu. Miaka tisa ya ndoa ilipita bila mtoto. Mama mkwe alimwita mti mkavu mbele ya wateja. Pélagie alikunywa mizizi ya kila aina, akafunga na kuomba mpaka mashavu yakambonyea. Mumewe Hippolyte, kiongozi wa kwaya, hakumtetea hata siku moja.

Mwaka huu Pélagie akaenda peke yake kliniki ya Bukoto, kwa Daktari Acayo. Daktari alimpima tumbo kwa mashine ya picha, akamgeuzia kioo chake.

"Dada, ovari zako ni nzima. Kila mwezi zinatuma homoni. Estrojeni inanenepesha utando wa ndani ya mji wa mimba. Kisha projesteroni inauandaa kupokea mimba ikiwa bado chembe ndogo. Utando unakuwa tayari siku chache tu. Chembe nayo inatuma ishara zake, utando unaitika, mimba inajishika."

"Kwangu kuna nini basi?"

"Ujumbe unafika, ila hakuna wa kuupokea. Utando umejaa makovu. Uliwahi kusafishwa kizazi?"

Pélagie alishika ukingo wa kitanda. Mimba ilikuwa imemharibikia miezi miwili kabla ya harusi. Alitaka kwenda hospitali ya Mulago, Hippolyte akakataa: wanakwaya wangejua. Akampeleka kwa rafiki yake muuza dawa, aliyemkwangua kizazi mpaka akazimia, na wiki iliyofuata akamkwangua tena. Hippolyte akamwapisha asimwambie mtu.

Jioni hiyo alimweleza mumewe yote, mama mkwe akiwa palepale anachambua maharage. Hippolyte hakuuliza kama kuna tiba. Alisema neno moja tu:

"Uliapa."

Mama mkwe aliinua macho, akamtazama mwanawe, kisha akarudi kwenye maharage yake. "Mwanaume angefanyaje?" akasema.

Kesho yake Pélagie alipakia cherehani yake kwenye bodaboda, akahamia chumba cha nyuma kwa Blandine, rafiki yake.

Makovu alikatwa mwezi wa tatu. Karatasi ya ridhaa aliitia sahihi mwenyewe. Alimeza vidonge vya estrojeni kwa wiki kadhaa, akarudi kupimwa. Daktari Acayo aliupima utando kwenye kioo.

"Utando umeota kidogo," alisema. "Mwembamba mno kushika mimba. Ungekuja miaka sita iliyopita, dada..."

"Miaka sita iliyopita nilikuwa nikinywa mizizi," Pélagie akajibu, akateremka kitandani kutafuta viatu vyake.