Mzee Aliyekuja Kuomba Saini Yake Mwenyewe

Mume wangu alimfukuza nyumbani kwetu mtu aliyemwabudu tangu utotoni.

Kosa lake? Eti alifoji saini yake mwenyewe.

Soma taratibu, maana hata mimi niliyekuwepo kuna siku nakaa nawaza kama niliota.

Naitwa Roxie. Naishi Ohio, Marekani, kwenye mji mdogo ambao ukipiga chafya dukani, kabla hujafika nyumbani jirani ameshakuletea supu. Mume wangu anaitwa Lyle Hutchins. Ni mtu mwema. Halewi, hanipigi, hatoki nje ya ndoa.

Ana ugonjwa mmoja tu. Besiboli.

Si kucheza. Lyle akipanda ngazi mbili anatafuta pa kushika. Ugonjwa wake ni kukusanya. Jezi zilizovaliwa kwenye mechi, kofia zenye chumvi ya jasho, mipira yenye saini, gongo lililopasuka (la kupigia mpira, si lile la kunywa). Na vyote lazima viwe vya mtu mmoja: Emmett Sobczak, mrushaji wa mkono wa kushoto, kijana wa huku kwetu aliyepanda mpaka ligi kuu akawatoa jasho wapigaji wa nchi nzima.

Chumba chote cha chini ya nyumba yetu ni cha Sobczak. Mashine yangu ya kufulia imesukumwa kwenye kona mpaka nafua nimejibana ukutani. Kwingine kote ni makabati ya vioo, yana taa ndani utadhani duka la sonara.

Kabati la katikati lina kichupa. Ndani ya kichupa kuna maganda ya mbegu za alizeti.

Maganda, jamani. Eti Sobczak aliyatema akiwa amekaa benchi.

Mama yangu alishawahi kuuliza kama yale maganda ni ya kutupa. Lyle hakumsemesha mpaka Krismasi.

Sasa kuna jambo moja kuhusu huyu Sobczak. Enzi zake alikuwa hasaini uwanjani. Watu wakimzonga getini anawaambia kwa upole, "Nitumieni kwa posta, nitawarudishia." Na kweli anarudisha. Mpira unarudi na mwandiko mzuri ajabu, herufi zimelala kama zimetandikiwa shuka, na ile S ya Sobczak ina mkia kama wa paka aliyeshiba. Juu yake kuna maneno mawili matatu ya kukutakia heri.

Lyle alituma mipira miaka na miaka. Alituma jezi. Alituma kofia. Kila Krismasi akamtumia na kadi, imechaguliwa kwa makini.

Mimi mkewe kadi yangu hununuliwa kituo cha mafuta, akikumbuka.

Basi. Ikafika Jumamosi moja ya Aprili, msimu ndiyo kwanza umefunguliwa. Lyle kaita wenzake wa chama chao cha wakusanyaji. Wanaume watu wazima, vitambi vimetangulia, wanavaa glovu nyeupe za pamba ili washike soksi chafu ya mtu mwingine.

Mkubwa wao anaitwa Dwight Pell. Dwight anauza bima, lakini kwenye chama yeye ndiye mtaalamu. Ana lenzi ya kuvaa jichoni na kitochi chenye mwanga wa zambarau. Anainama juu ya saini, anaguna, halafu anatamka "hii ndiyo" au "hii siyo." Akishatamka hakuna anayebisha.

Walikuwa chini huko. Mimi niko jikoni nachanganya saladi ya viazi. Kengele ya mlango ikalia.

Nikafungua. Mzee mrefu, mwembamba, kofia kaishika mkononi.

"Samahani, mama. Hapa ndipo kwa Lyle Hutchins?"

"Ndipo. Nimwambie nani?"

"Emmett."

"Emmett yupi?"

Akaangalia viatu vyake. "Sobczak. Mumeo huwa anatutumia kadi. Anwani nimeikariri."

Nikamwita Lyle. Akapanda juu akilalamika kwamba namkatisha, kisha akaiona ile sura pale mlangoni.

Sijawahi kumwona mume wangu akilia hivyo. Siku ya harusi yetu hakulia. Siku binti yetu alipozaliwa alikohoa kidogo, akasema ni vumbi. Lakini pale mlangoni alimwangukia mzee wa watu begani, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Ni wewe," anasema. "Ni wewe kabisa, mzee wangu."

Naomba mkumbuke hilo neno. Kabisa.

Wakashuka chini, na mimi nikashuka nyuma yao. Nani angekubali kubaki jikoni? Wale wanaume wote wakasimama wima. Mzee akapita kwenye makabati polepole, mabega kayashusha, kama mtu aliyeingizwa kwenye chumba cha wageni akakuta nguo zake za ndani zimeanikwa ukutani.

Akafika kwenye kichupa. Akainama.

"Hiki ni nini?"

"Ni maganda yako, mzee," Lyle akasema kwa fahari. "Mbegu za alizeti. Ulizitema mwenyewe."

"Mimi sijawahi kula alizeti. Zinanikwama kwenye meno."

Dwight akakohoa. "Umri huo, mzee. Mtu anasahau."

Mzee hakubishana. Akaizungusha kofia mikononi, akasema alichokuja kusema.

"Mke wangu, Verna, alifariki Februari."

Tukampa pole. Wengine wakavua kofia.

"Ahsanteni. Sasa nimekuja kuomba, Lyle. Nina aibu lakini naomba. Nipe mpira mmoja. Wowote, ilimradi una saini yangu."

Lyle akacheka. "Mzee, unaniomba saini yako?"

"Si yangu," akasema. "Ni ya Verna. Hizi zote aliandika Verna."

Nikaona Dwight anaacha kutafuna jojo yake.

Mzee akaeleza, taratibu, macho chini. Kwamba shuleni masista walikuwa wanamfunga mkono wa kushoto kwenye kiti ili aandike kwa wa kulia. Kwamba matokeo yake hakuweza kuandika vizuri kwa mkono wowote. Anaandika kama kuku anayechakura. Akaona haya, mtu mzima, maarufu, kuandika vile mbele ya watoto. Ndiyo maana akawa anasema tumeni kwa posta.

"Verna alikuwa na mwandiko," akasema. "Tukimaliza kula anasafisha meza, anaandika, mimi nafunga vifurushi. Sasa nimerudi kwenye nyumba, natafuta hata mstari mmoja wa mkono wake. Hakuna. Hata vikaratasi vya dukani nilikuwa natupa. Kila kitu alichoandika tuliwatumia nyinyi."

Nikawatazama wale wanaume, nikijua hapa hata jiwe litalainika.

Dwight akachukua mpira mpya mfukoni, na kalamu.

"Haya. Saini hapa."

"Bwana, nimeshakueleza kwamba siwezi..."

"Saini tu."

Mzee akasaini. Ilichukua muda. Ulimi umebana kwenye meno, herufi moja inapanda mlima, nyingine inaanguka bondeni. Dwight akaweka lenzi, akawasha kitochi chake cha zambarau. Akaguna.

"Hii siyo."

"Si ndicho anachosema!" nikaropoka. "Kasema mwandiko wake haufanani na huo."

"Shemeji, niachie kazi yangu. Nimeshika saini za Sobczak kuliko mtu yeyote mkoa huu. Huyu siye."

"Lakini Sobczak ndiye mimi," mzee akasema.

"Saini inakukataa."

Wakageuka wote kumtazama Lyle. Nyumba yake, makabati yake, uamuzi wake.

Nilimwona mume wangu akimtazama mzee. Akatazama makabati. Akarudi kwa mzee. Akarudi kwenye makabati. Kama huyu ni kweli Emmett, basi ukuta mzima ni kazi ya mama mmoja aliyekuwa anaandika jikoni. Kama ukuta ni wa kweli, basi huyu ni tapeli.

Begani kwa mzee bado palikuwa na unyevu wa machozi ya Lyle.

"Nadhani," Lyle akasema, sauti imemkauka, "ni bora uondoke. Wewe sio Emmett Sobczak."

Mzee akavaa kofia. "Inawezekana," akasema. "Tangu aondoke hata mimi sina uhakika."

Akapanda ngazi. Alipofika usawa wangu akanong'ona, "Saladi yako inanukia vizuri, mama."

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Nikaenda kwenye kabati la katikati, nikafungua, nikachukua mpira.

"Roxie, rudisha," Lyle akasema. "Roxie. Basi angalau vaa glovu."

Sikuvaa.

Nilimkuta mzee ameshaingia kwenye gari lake, hajawasha. Nikampa mpira dirishani. Akauzungusha mpaka akapata maandishi, akasoma kwa sauti ya chini: "Kwa Lyle, usichoke kurusha. Emmett Sobczak." Akaweka dole gumba juu ya ile S.

"Akifika kwenye mkia huu alikuwa anazuia pumzi," akaniambia.

Halafu akalia. Bila sauti, mabega tu. Nikasimama pale nimeshika mlango wa gari, mikono inanuka vitunguu.

Nilivyorudi ndani wageni walikuwa wanaaga kwa haraka, saladi yangu haijaguswa.

"Umeniaibisha mbele ya watu," Lyle akaniambia.

"Watu gani? Hao wanaovalia soksi glovu?"

"Ule mpira ulikuwa wangu."

"Na yule mtu alikuwa wa nani?"

Nikafunga begi, nikaenda kwa dada yangu, nikamwachia nyumba yeye na maganda yake. Na si kwa kumtisha. Nilikuwa nimechoka kweli. Unaweza kuvumilia mume asiyekuona. Lakini mume anayemwona mtu vizuri kabisa, akamlilia begani, halafu akamkana usoni ili asipoteze mapambo yake, huyo siku moja utaugua, naye ataamua wewe sio mkewe.

Mwezi uliofuata redio ya huku ikamhoji mzee Sobczak. Akamzungumzia Verna. Akasema yote hadharani, habari ya masista, ya mwandiko, ya meza ya jikoni. Kabla kipindi hakijaisha wachezaji wenzake wa zamani wakaanza kupiga simu, wazee watupu, wanachekelea. "Sisi sote tulijua," mmoja akasema. "Emmett akiletewa hata risiti ya kusaini anatafuta pa kujificha."

Simu yangu ikalia. Lyle. Alikuwa amesimamisha gari mahali, nasikia malori yakipita.

"Roxie. Alikuwa yeye."

"Ulijua ni yeye."

Malori yakapita matatu manne.

"Nilijua," akasema.

Kwa neno hilo nilirudi nyumbani. Kama angesema hakujua, hadi leo ningekuwa kwa dada.

Sasa sikilizeni upuuzi wa wakusanyaji. Ilipojulikana kwamba saini zote ni za Verna, chama kizima kikaanza kutafuta saini iliyoandikwa na Sobczak mwenyewe. Ile mbovu. Ile ya kuku. Haikuwepo popote duniani, isipokuwa kwenye mpira mmoja, ule aliosaini siku ile chini kwetu.

Lyle akapekua ndoo ya taka. Akapekua chini ya makabati. Akanisogezea hata mashine ya kufulia. Hamna.

Baada ya siku kadhaa akauona. Kwenye mtandao wa wakusanyaji, picha kubwa: "Saini halisi pekee ya Emmett Sobczak, imesainiwa mbele ya macho yangu. Mkusanyaji: Dwight Pell."

Nyuma ya mpira, kwa mbali, kilionekana kikapu changu cha nguo chafu.

Aliupiga picha palepale. Alitamka kwamba siyo, mwenye mkono akafukuzwa, yeye akautia mfukoni.

Lyle akampigia. "Dwight, ulisema siyo."

"Nilisema haifanani," Dwight akamjibu, hana wasiwasi. "Wewe ndiye uliyesema sio Sobczak."

Mume wangu akakata simu, akakaa sakafuni. Halafu akasema, "Twende kwa mzee."

Tukaenda, nyumba ndogo kando ya ziwa Erie. Nimeoka pai. Lyle kavaa viatu vya kanisani. Akaomba msamaha, na aliomba vizuri, hakujitetea, hakuzunguka, alisema, "Nilikufahamu, na nikakukana." Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akatumiminia kahawa.

"Verna angekuchapa," akasema. "Mimi nimeshapoa."

Nilimtazama mume wangu nikaanza kumpenda upya.

Tukaaga. Tuko barazani. Nikaona mkono wa Lyle unaingia kwenye koti.

Nikajua. Mungu wangu, nikajua.

"Mzee," akasema, "kama hutajali..." Akatoa mpira mpya, mweupe, na kalamu.

Nilitamani ardhi inimeze.

Sobczak akaupokea mpira. Akaupima uzito kwenye ule mkono mkubwa. Akageuka, akaurusha juu ya uzio, ukaenda, ukaenda, ukaangukia kwenye matope ya ziwani. Mbwa wake mnene akachomoka chini ya baraza, akaufuata.

"Haya, huo sasa umetumika, nimeurusha mwenyewe," akamwambia Lyle. "Muwahi mbwa kabla hajautafuna."

Na mume wangu akakimbia.

Nikacheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Mzee akakaa pembeni yangu, naye akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Kule matopeni Lyle na mbwa wanavutana, na mbwa anashinda.

Lyle hajapona. Anaendelea kukusanya, na sasa hivi anatafuta mtaalamu wa kuthibitisha alama za meno ya mbwa kwenye ule mpira. Ila Jumapili huwa anaenda ziwani kumsaidia mzee kukata majani, na kamera anaiacha kwenye gari. Nimeikagua mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Ukishapenda vitu vya mtu kuliko mtu mwenyewe, siku akigonga mlango utamwona ndiye feki. Kusanyeni mnachotaka, lakini mwenye navyo akija, mkaribisheni ale kwanza.