Moteri Iliyokataa Kuwaka Asubuhi

Esanse, yaani petroli, iliyochanganywa na oili ina harufu tamu kidogo, kama ya ndizi zilizopitiliza kuiva. Wiki iliyopita nilipita ufukweni, mahali wanaposhusha samaki, na mtu mmoja alikuwa anajaza tangi la mtumbwi wake kwa chupa iliyokatwa kitako. Harufu ile ilinifikia puani kabla sijajua ni nini. Nilisimama. Mwanangu, niliyekuwa nimemshika mkono, akaniuliza kama ninaumwa. Nilimwambia hapana, nikamvuta tukapanda haraka barabarani, kwenye upepo. Tangu siku hiyo jambo hili halijaniacha, na nimeona afadhali niwasimulie ninyi, kwa mpangilio, kama nilivyoliona.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa upande wa Lac Vert, nje kidogo ya Goma ukielekea Sake, katika nyumba ya mbao iliyowekwa juu ya mawe meusi ya volkano. Papa alikuwa ametoka upande wa Bukavu akiwa kijana, akavua kwa makasia mpaka mabega yake, kama Mama alivyopenda kutia chumvi, yakawa mapana kuliko mlango wa kanisa letu. Kisha akapata moteri. Ndivyo tulivyoiita ile injini ndogo ya kufunga nyuma ya mtumbwi. Ilikuwa imepita mikono mingi: kifuniko chake kilikuwa cha bluu, mpini ulikuwa mweusi, na kamba ya kuivutia ilikuwa imefungwa kipande cha mti badala ya kishikio. Papa aliifunika kwa kitenge ambacho Mama alikivaa siku ya ndoa yao.

"Kitenge yangu imeolewa na chuma," Mama alikuwa akisema kila alipokiona.

Kazi ya kuchanganya mafuta ilikuwa yangu. Nilipima oili kwa kopo la nyanya, nikaimimina ndani ya bido, dumu la esanse, nikalitikisa mpaka mikono iume. Papa alinifundisha kwa maneno machache ambayo hadi leo nayasikia kwa sauti yake: "Oili kidogo, inakufa. Oili mingi, inakohoa." Nilijiona mtu mkubwa sana.

Wakati ule watu wenye bunduki walikuwa wakipita ufukweni na kuchukua moteri walizozikuta. Aliyenyang'anywa hakuuliza jina la aliyechukua. Kwa hiyo Papa alitafuta maficho. Mbele kidogo ya ufuko, moto wa volkano wa zamani ulikuwa umeingia ziwani na kuacha ufa mpana, wenye kuta za mawe zilizomzidi mtu kimo, na mwamba mmoja mdomoni uliouziba usionekane kutoka ziwani. Tulipaita Mufuko, na humo mtumbwi ulilala na moteri yake. Maji ya mle ndani hayakutikisika. Majani ya pembeni yalikuwa ya kahawia hata katika majira ya mvua, na hukusikia chura wala ndege. Papa alipapenda kwa utulivu huo. Aliona ni ushahidi kwamba hakuna mtu anayefika pale.

Nyavu alizitega alasiri na kuzitoa kunapopambazuka. Alasiri, upepo ukivuma, moteri iliwaka kwa mvuto mmoja. Asubuhi ilikuwa mgonjwa. Papa alivuta kamba mara kumi, mara kumi na tano, nayo ikatoa kikohozi kimoja na kunyamaza. Mwishowe alishika kasia, akasukuma mtumbwi mpaka nje ya ule mwamba, akapumzika kidogo, akavuta tena. Na hapo moteri ikanguruma kana kwamba haikuwahi kumkosea mtu. Tukaamini kwamba inataka kutikiswa kwanza na mawimbi. Wavuvi wengine, ambao walikuwa wameshafika kwenye nyavu zao, walimwona akitokea na makasia, wakaipa moteri yetu jina la Mamuzeli, binti wa mjini anayechelewa kuamka.

"Mamuzeli angali analala?" aliuliza Bisimwa, jirani yetu, aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko mtumbwi wake.

"Mumupelekee chai ku kitanda!" mwingine akajibu.

Juma la kwanza Papa alicheka nao. Juma la tatu hakucheka.

Moteri ilikuwa chini ya uangalizi wa mdogo wake, Baba mudogo Faustin. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, alikuwa amejifunza ufundi katika garaje moja mjini, na alikaa kwetu katika chumba cha nyuma. Angeweza kusikia pikipiki ikipita barabarani akakuambia inaumwa wapi. Alipotaka kuelewa injini alilaza shavu lake juu yake, akafumba macho, akasikiliza kama daktari. Wakati huo sote tulitakiwa kunyamaza, hata Mama na sufuria zake.

Aliifungua Mamuzeli mara tatu juu ya mkeka, akaisafisha kwa mswaki (wangu, niligundua baadaye kwa ladha), akabadilisha buji, ile inayotoa cheche, akairudisha. Kila mara alisema jambo moja: "Iyi moteri haina ugonjwa." Na kila asubuhi mle Mufukoni moteri ilimwaibisha.

Papa alilaumu buji, akalaumu wauza esanse, mwisho akanigeukia mimi niliyechanganya mafuta. "Ni melanji ya huyu mutoto."

"Hapana, yaya," Faustin alimjibu. Yaya ndivyo tunavyomwita kaka au dada mkubwa. "Melanji ile ile mangaribi inawaka. Mutoto anapima muzuri kuliko sisi wote."

Sikuwahi kuyasahau maneno hayo. Nilikuwa tayari kumfuata Baba mudogo popote.

Kuna mambo mengine niliyoyaona, na nayaandika hapa kwa sababu niliyaona mimi mwenyewe. Papa alitoka Mufukoni akiwa na maumivu ya kichwa, akasema ni esanse inampanda. Siku moja Faustin aliinama kumulika chini ya moteri kwa kibiriti cha gesi, kikazimika. Akakiwasha tena, kikazimika tena, akakitupa majini akisema vitu vya siku hizi ni vya bandia.

Ninyi wa Goma mmeshajua ninaelekea wapi. Nasi tuliyajua mazuku. Mama alitufundisha kabla ya kutufundisha kusali: "Asubui hakuna kushuka mu shimo." Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi, hulala mabondeni na kwenye mashimo wakati upepo haupo, na anayeinama ndani yake hainuki. Njiani kwenda shule kulikuwa na sehemu mbili tulizozizunguka, mahali ambapo mbuzi walikuwa wamekufa wamesimamisha miguu. Lakini kwetu mazuku yalikuwa ya nchi kavu, ya mashamba na mashimo ya vyoo. Ziwa lilikuwa mahali pa kwenda kupata hewa. Hakuna aliyeutazama Mufuko, wenye maji chini na mtumbwi juu yake, akauita shimo.

Siku moja Papa alifika sokoni samaki wakiwa wamelegea na wanunuzi wameondoka. Aliporudi ufukweni alimkuta Faustin amekaa na wavuvi. Hakumwita pembeni. Alimwambia palepale.

"Garaje ilikufundisha kitu gani? Kufagia?"

Watu wakacheka. Bisimwa akapiga makofi.

"Kesho," Papa akaendelea, "itawaka mule mule mu Mufuko, bila kasia, ao naipeleka ku mji kwa fundi ya kweli."

Faustin alichukua kitambaa akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, ingawa mikono yake siku hiyo ilikuwa safi.

Asubuhi iliyofuata aliniamsha kabla Papa hajatoka. Alitaka melanji mpya na mtu wa kuibeba. Kulikuwa na baridi, na moshi wa majirani ulipanda umenyooka kama uzi. Ziwa lilikuwa limelala kama bati. Tulipofika juu ya Mufuko alichukua bido mkononi mwangu.

"Baki apa yulu," aliniambia. "Usishuke, esanse itakupanda. Wewe hesabu tu, nione itawaka ku ya ngapi. Papa yako atakuamini wewe."

Nikakaa juu ya jiwe. Yeye alishuka, akaingia mtumbwini, akaondoa kitenge na kile kifuniko cha bluu, akapiga magoti ili uso wake uwe sawa na moteri. Alivuta. "Un," nikasema. Alivuta tena. Nilihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa cha shule, nikijivuna. Kufika sept, saba, alicheka kidogo, akasema, "Iko karibu." Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Kisha akalaza shavu lake juu ya moteri, kama alivyozoea.

Nikanyamaza ili asikie vizuri.

Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Nimejaribu kuupima tangu siku hiyo na kila nikiupima unakuwa mrefu zaidi. Nilichokiona mwisho ni mkono wake wa kushoto, ambao ulikuwa umeteleza majini, na maji hayakutikisika. Niliita. Nilishuka hatua tatu, nikahisi kitu kichachu puani, kama soda iliyopanda njia mbaya. Nikapanda kwa mikono na miguu, nikapiga kelele.

Papa alikuja mbio, Bisimwa nyuma yake. Papa aliona, akaelekea chini moja kwa moja. Bisimwa, yule mcheshi, alimkamata mkanda akamwangusha juu ya mawe.

"Mazuku, muzee! Mazuku! Ukishuka tunazika wawili!"

Walipigana pale juu, Papa akilia na kumpiga makofi, Bisimwa akikataa kumwachia. Hatimaye walizunguka kwa mtumbwi wa Bisimwa, wakasimama nje ya mwamba, wakaunasa wetu kwa mti mrefu na kuuvuta polepole mpaka ukatokea ziwani, kwenye hewa. Wakamlaza Faustin, wakamwita, wakamkanda kifua. Upepo ulianza kuvuma ukapeperusha shati lake. Hakuamka.

Katika matanga watu walinong'ona kwamba moteri ina mkosi. Papa aliiweka ndani ya nyumba, uso umeelekezwa ukutani, na baada ya maombolezo akatuma ujumbe kwamba anayeitaka aje. Akaja mtu kutoka Minova. Alifika mapema, kumepambazuka tu, baridi ile ile, ziwa limelala vile vile. Waliibeba mpaka kwenye ufuko wa wazi, mbele ya wavuvi, wakaifunga kwenye mtumbwi wake. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ambayo moteri ile ilivutwa kamba bila kulala Mufukoni na bila kutikiswa na wimbi lolote.

Mtu wa Minova alivuta mara moja. Ikawaka.

"Eh! Moteri iko muzima kabisa!" alisema, akicheka kwa furaha. Hakujua alilolisema.

Papa alikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Nilingoja atukane. Badala yake alitoka, akamwendea mvuvi wa kwanza aliyekuwa amekaa juu ya nyavu zake.

"Faustin alikuwa fundi," alimwambia.

"Tunajua, muzee. Pole."

"Hapana. Sikia. Faustin alikuwa fundi."

Akaenda kwa wa pili, akamwambia hivyo hivyo. Alifika kwa Bisimwa, na Bisimwa akainamisha kichwa. Niliona aibu. Nilidhani huzuni imemvuruga Papa akili, na nilimvuta shati turudi nyumbani, naye hakunisikia mpaka alipowamaliza wote.

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wetu alishusha mshumaa unaowaka ndani ya chombo chenye hewa ile ile inayotoka ardhini kwetu. Ukazimika. Akasema moto, injini na mapafu vyote vinakula hewa moja. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilielewa kwamba kila asubuhi Mamuzeli ilikuwa inatuonyesha kuwa mle hamna cha kupumua, nasi tukazidi kuinama juu yake tukitafuta kosa lake. Mimi nilikuwa nahesabu.

Lakini kilichonifanya nikae chini kwenye ngazi za shule ni Papa. Hakusoma hata darasa moja la sekondari, na mvuto mmoja wa kamba ulimtosha. Pale majini alielewa kwamba mdogo wake alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na kwamba yeye ndiye aliyempeleka kuithibitisha mahali pekee ambapo isingethibitika. Haikuwa kama nilivyodhani, kwamba huzuni imemvuruga akili, wala hakuwa anamsifu marehemu. Alikuwa anaondoa neno lake, kwa mtu mmoja mmoja, mbele ya wale wale waliolicheka. Na alilirudia mara mbili kwa kila mmoja kwa sababu aliyestahili kulisikia hakuwa miongoni mwao.