Chakula cha Msiba

Katika miaka yote ya ndoa yao, Tsongo wa Bwera hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla mkewe hajaketi, awe yuko nyumbani au yuko njiani kurudi. Mkewe, Ketura, alikuwa akikata chumvi kwenye ziwa la Katwe, anarudi Jumamosi na nyayo zilizopasuka kwa maji ya ziwa lile, na hata akichelewa mpaka saa kumi jioni alimkuta mumewe mlangoni, chakula kimefunikwa. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliwajibu kwamba wana wivu tu, na kusema kweli walikuwa nao.

Mwaka 2011 Tsongo, aliyekuwa mpakiaji, alianguka kutoka juu ya lori la chumvi pale Kikorongo, kichwa kikagonga lami. Alizimia, akazinduka, akashonwa, na baada ya wiki tatu alikuwa juu ya magunia tena. Kila mtu alisema amepona. Nani angesema vinginevyo, na kovu lilikuwa limefunga vizuri?

Miaka saba baadaye alikuwa amepoteza njia ya kanisani, majina ya wanawe, na namna ya kufunga vifungo vya shati. Ketura akampeleka kwa daktari Tumushabe, kijana mpole asiyependa kudanganya.

"Mama, ile kidonda ya nje ilipona," daktari alisema. "Lakini ubongo iko na walinzi yake. Mutu akigongwa, wanaamka, wanasafisha, ndani inavimba kidogo. Halafu wanatakiwa kulala. Ya wengine hailali. Inapigana miaka na miaka mpaka inaharibu na mahali pazima." Akaongeza kwamba ugonjwa wa kusahau wa wazee, Alzaima, nao una vita hivyohivyo ndani yake, na kwamba alidhani mzee ana yote mawili, ingawa hapo hakukuwa na mashine ya kuthibitisha. Dawa ya kuwatuliza walinzi hao hakuwa nayo. Hakuna aliyekuwa nayo.

Ketura alishika neno moja tu: kuvimba. Akaenda dukani kununua vidonge vya uvimbe, vile wanavyomeza wapakiaji mizigo mgongo ukiwauma. Tsongo akavimeza siku kumi, vikamchoma tumbo hadi akatapika damu, na kichwa kikabaki vilevile. Ketura alijilaani kwa sauti mbele ya watoto wake.

Kisha siku moja adhuhuri alimwekea bundu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tsongo akaisogeza sahani kwa adabu.

"Asante, mama. Lakini miye siwezi kula chakula ya bibi ya mutu. Bibi yangu iko Katwe, atafika sasa hivi."

"Ni miye, Baba Biira. Ni miye Ketura."

Akacheka. "Ketura iko kijana. Weye uko muzee sawa mama yangu."

Hakula siku hiyo, wala ya pili. Biira, binti yao, alikuja kutoka Kasese akajaribu naye, akaambiwa vilevile kwamba mama mwenye nyumba yuko njiani. Siku ya tatu Ketura alivaa nguo zake za chumvi, akatoka hadi barabarani, akarudi na gunia kichwani. Tsongo akamkaribisha kiti kama mgeni, akamwomba amsubiri mkewe. Siku ya nne hospitalini walimtundikia maji, akaing'oa sindano, wakarudi naye nyumbani. Suruali ilikuwa ikimteleza kiunoni. Mtu alikuwa anakufa njaa kwa uaminifu wake, na aliyetunziwa uaminifu huo alikuwa amesimama mbele yake na sahani mkononi.

Siku ya tano maji yalimfika Ketura shingoni. Neno lilimtoka kwa hasira, si kwa akili.

"Ketura alikufa! Unasikia? Alikufa!"

Tsongo akamgeukia. "Nani alimuzika?"

"Sisi. Jana. Watu walikuja wengi."

Mzee akalia. Alilia kwa sauti kubwa, na Ketura, aliyekuwa hajui ameufungua mlango gani, akamkumbatia akalia pamoja naye, maana machozi alikuwa nayo tangu zamani.

Lakini kwao nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika, na mfiwa hakatai. Mengine yote yalikuwa yamemtoka Tsongo kichwani, hilo halikumtoka. Alipofuta uso akanyoosha mkono kwenye sahani ya huyo aliyemdhani jirani, akala, akaramba na vidole. Ketura alifurahi, kisha akaona aibu kwa furaha yake.

"Aliacha neno gani?" Tsongo akauliza.

"Alisema ukule."

Siku iliyofuata saa sita, Tsongo alikuwa mlangoni, amenawa mikono, anatazama barabara.

"Bibi yangu atafika sasa hivi," alimwambia.

Ketura akaweka sahani chini. Akajifunga kitenge kiunoni, akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Baba," akasema, "nimekuletea habari mubaya."