Kinywa cha Dalali

Kila Jumatano, katika soko la mifugo la Garissa, Barre alishinda akiwatia mbuzi vidole mdomoni. Hakuanza na manyoya wala nyama. Alimkamata mnyama taya, akamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akatazama meno ya mbele, kisha akahukumu umri kwa sauti iliyofika mpaka upande wa ngamia. Huyu bado ana meno ya maziwa. Huyu ameota mawili ya kudumu. Huyu alishayamaliza na sasa anayapoteza, mpelekeni kwa wachinjaji kabla kiangazi hakijamwua bure. Wanunuzi waliotoka Thika walimwamini yeye kuliko wenye mbuzi.

Kwa hiyo siku Idman alipokuja sokoni na kipaza sauti, Barre alimchukia kabla hajamaliza salamu. Idman alikuwa binti wa mtaani kwao, Bulla Iftin, aliyesomea matibabu ya meno na kurudi kufanya kazi zahanati.

"Msingoje maumivu," alisema. "Njooni mtazamwe vinywa mara mbili kwa mwaka. Tundu dogo linazibika. Likiachwa, jino linang'olewa."

"Ewe msichana!" Barre alimkatiza. "Umekuja na mnunuzi?"

"Mnunuzi wa nini, adeer?" Idman aliuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

"Wetu sisi. Anayefunguliwa mdomo ni anayeuzwa. Kamwambie mnunuzi wako mimi siuzwi."

Wanaume walicheka wakishikana mabega. Idman aliwangoja wamalize. "Mbuzi haombwi ruhusa, adeer. Wewe nakuomba."

Barre alitema mate karibu na viatu vyake.

Hakumwambia mtu kwamba jino lilikuwa limekwisha kuanza. Gego la chini, upande wa kulia, lilimshtua kila alipokunywa chai ya sukari. Akaihamishia chai upande wa kushoto. Baadaye akatia karafuu, kisha tumbaku, kisha akaacha nyama, akabaki na mkate laini wa anjera uliolowekwa. Yeye aliyeweza kumtazama mbuzi akicheua na kujua anaumwa upande gani, aliamini kwamba hakuna aliyemwona yeye akitafuna.

Habibo alimwona. Mkewe huyo alikuwa ameishi naye tangu ujana, na walikuwa wameacha zamani kubembelezana. Alikaanga buni za kahawa kwa samli, akaketi kwenye mkeka akimwelekea, akazivunja kwa magego moja moja, taratibu, kama mtu anayehesabia mwenzake makosa.

"Unatafuna kama fisi," Barre alisema.

"Na wewe unalamba kama paka. Buni hizo, kula."

Hakula. Ikaja Jumatano aliyoamka na shavu lililovimba mpaka chini ya jicho, na taya zimekaza, hazipitishi hata kijiko. Alikwenda sokoni hivyohivyo, kilemba amekizungushia usoni. Mbuzi wa kwanza alipoletwa, alimfungua mdomo, akaona alichoona, na sauti haikutoka.

"Leo mzee kafungwa kamba!" alipiga kelele Nunow, dalali kijana aliyekuwa akiinyemelea nafasi yake kwa muda mrefu. "Tuombe Mungu mbuzi ajisemee mwenyewe!" Akamsukuma Barre kwa kiwiko, akamshika mbuzi taya, akatangaza umri. Akakosea. Wanunuzi walimwamini.

Barre alirudi nyumbani akamkuta Habibo na sahani yake ya buni. Alipomwona lile shavu, Habibo alicheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, na ndani yake Barre akaona kitu. Akamshika taya kama anavyowashika mbuzi. Habibo akamwachia. Magego yote yalikuwepo, na katikati ya moja kulikuwa na kiraka laini, cheupe kuliko jino lenyewe, kama ukuta uliokandikwa ufa.

"Nani?" aliuliza kupitia meno yaliyobanana.

"Idman. Mara mbili kwa mwaka, wewe ukiwa sokoni."

"Umefunguliwa mdomo na watu."

"Nikafunguliwa, nikaufunga, nikarudi nyumbani kukupikia. Hakuna aliyenipeleka kwa mchinjaji. Haya, dalali, taja bei yangu."

Barre alimwachia taya.

"Na ukifa," Habibo aliendelea, "wakija kunipa pole nitawaambia ukweli. Nitasema aliuawa na usaha, akimwogopa msichana."

Barre alikwenda zahanati. Hakushawishika, ila maumivu yalikuwa yameushinda ulimi wa mkewe. Idman alimtoa usaha, akampa dawa, na uvimbe uliposhuka akaling'oa gego. Hakumkejeli. Barre angependa amkejeli, apate la kujibu.

"Mwaka jana ningeliziba tu," alisema Idman, kisha akapitisha kioo kidogo upande wa pili. "Na hili la kushoto lina tundu, adeer. Nilishughulikie leo?"

"Haliumi."

"Ndiyo wakati wake."

Taa ilimmulika usoni. Juu yake uliinama uso wa yule binti, macho yameingia kinywani mwake, na Barre akajua kabisa anasomwa umri. Akaufunga mdomo. Kioo kikagonga meno. Idman akawahi kuondoa vidole. Barre akashuka kwenye kiti akatoka, hata tarehe ya kurudi hakuingoja.

"Kasemaje?" Habibo aliuliza kidonda kilipokwisha kupona.

"Kamaliza."

Habibo akaisukuma sahani ya buni kwake. Barre akachukua buni moja, akaiweka upande wa kushoto, akamtazama mkewe machoni, akauma. Kilisikika kitu kikipasuka, na buni ilikuwa bado nzima juu ya ulimi. Maumivu yakapanda mpaka sikioni. Akameza vyote viwili, buni na kipande cha jino, uso wake usibadilike.

Habibo aliacha kutafuna. Akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza. Kisha akachukua buni nyingine.