Rula ya Zénon

Huku mtaani kwetu Ngagara wanasema marehemu mume wangu, Zénon, aliwaalika wauaji akawapikia. Kupika nilipika mimi. Kualika, hakualika mtu.

Zénon alikuwa karani wa posta na mwalimu wa katekisimu. Alisoma Biblia akiwa ameweka rula ya mbao chini ya mstari, ili jicho lisitangulie. Juma lile la mwaka 1995 alikuwa kwenye Wafalme: askari wa Shamu waliotumwa kumkamata nabii Elisha wanaangukia mikononi mwake, mfalme anataka kuwaua, nabii anasema wapewe chakula warudi kwao.

Jumatano mchana vijana sita wa mtaani waliingia na mapanga. Walimtaka Aloys, mwashi aliyekuwa akitujengea ukuta. Kosa lake lilikuwa kabila lake. Alikuwa ghalani, nyuma ya magunia ya makaa.

Zénon aliwaambia wakae, maharagwe yameiva. Walicheka, wakasema karani anataka kuwapa sumu. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, naye alinyoosha mkono. Kijana mmoja akamzuia.

“Apana, mwalimu. Mama aonje. We unaweza kufia Yesu, yeye apana.”

Mimi, mwenye diploma, sikuwahi kula sahani moja na wahuni. Nilikula. Wakala. Mmoja, niliyemfundisha kusoma, alishukuru kwa mazoea. Wakaondoka bila kufungua ghala.

Nusu saa baadaye tulisikia mayowe ng'ambo ya barabara.

Nilimwambia Zénon amewashibisha ili wakaue wengine.

“Mama Joëlla,” akasema, “nilikuwa na mlango mumoja tu.”

Aloys alifika Carama, kwa watu wa kabila lake, akiwa hai. Zénon hakuimaliza sura ile. Rula ilibaki pale panaposema vikosi vya Shamu havikuja tena. Alipofariki mwaka 1999 niliiondoa. Mstari unaofuata, mfalme wa Shamu anakusanya jeshi lake lote na kuuzingira mji.

Nilikasirika. Nimeusoma mara nyingi tangu hapo, hata leo asubuhi. Mwandishi yule wa kale alijua kwamba vita vilirudi, na hakukifuta kile chakula. Hilo hunitosha mpaka jioni. Kisha nayasikia tena yale mayowe, nainuka kukagua komeo.

Sasa wanaotusema wanadai majina ya wale sita. Mama zao tunakaa nao benchi moja kanisani. Majina ninayajua yote. Sitayasema.