Pilipili ya Kufungulia Njia

Marudayi hakuwa na mkono wa mchezo. Huku Mulanur tunalima maua mekundu ambayo mbegu zake hununuliwa na viwanda vya dawa, na asubuhi sisi wanawake huinama shambani kuyachavusha kwa mikono, ua baada ya ua. Yeye alikuwa akituacha nyuma safu nzima, na bado akitusema: "Nyie mnafanya kazi au mnayaposa hayo maua?"

Basi mumewe, Sellamuthu, akashikwa na jongo. Kidole gumba cha mguu kilivimba hata shuka ikikigusa analia. Zahanati wakampa vidonge vinavyotokana na mbegu zetu zilezile. Mbegu hiyo ni sumu, hilo hata watoto wetu wanalijua. Lakini kidonge kina kipimo kidogo, na Marudayi alifuata maagizo bila kukosea.

Ila kwetu dawa haimezwi kwa maji matupu. Humezwa kwa mchemsho mkali wa pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi, ili kuifungulia njia. Mama mkwe wake, Bi Nachammal, ndiye aliyemfunza alipoolewa. Sote tulifunzwa hivyo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Marudayi alikuwa mjinga.

Sellamuthu akaanza kuharisha na kutapika. Marudayi akadhani tumbo limechafuka, akazidisha pilipili. Mume akazidi kulegea, mpaka tukambeba hadi hospitali, mimi na Marudayi.

"Mbali na vidonge, ametumia nini?" daktari akauliza.

"Hakuna, daktari. Mchemsho wa pilipili tu."

"Mwingi?"

"Kila anapomeza. Na akizidiwa namwongezea."

Daktari alishusha pumzi. "Dada, utumbo una walinzi. Dawa hii ikiingia, sehemu yake wanairudisha nje. Inayopita inakutana na ini, nalo linaivunjavunja. Kipimo cha kidonge kimewekwa kwa kutegemea kazi hiyo. Pilipili nyingi hivyo huwafunga mikono walinzi, na ini pia. Nadhani dawa imejaa mwilini kupita kiasi."

"Basi mpe ya kuitoa!"

"Hakuna dawa ya kuitoa. Tunamwekea maji, tunasubiri."

Marudayi akamwangukia miguuni. "Nipasue mimi! Toa ini langu umpe! Nilikuwa namfungulia njia, jamani!" Nilijaribu kumwinua nikashindwa, nikakaa naye sakafuni tukalia.

Bi Nachammal alifika mchana. Sellamuthu hakuweza tena kufumbua macho.

"Pilipili umempa, mwanangu?"

"Nimempa, mama."

"Basi usijilaumu. Umemtunza mwanangu kama nilivyokufunza." Akafungua kitambaa, akatoa chupa. "Nimemletea nyingine, ingali moto. Mnyanyue kichwa."

Marudayi akaipokea kwa mikono miwili, akaishikilia kifuani, asijue amwambieje mama yule kwamba mchemsho huo ndio unaomuua mwanawe.