Kamusi Niliyoiacha Nairobi

Nimekosa, na aliyelipa si mimi. Naanzia hapo kwa sababu nikianzia mahali pengine nitajitetea.

Jina langu sitaliandika. Nina miaka kumi na saba, naishi Doha, upande wa Muaither, na mimi si msemaji. Kanisani nikiambiwa nisome zaburi, walio nyuma huanza kusema "sauti, sauti" kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Haya nimeyaandika kwenye daftari langu mara nyingi, nikayachana. Leo nayatoa.

Sisi hatukwenda shule huku. Baba anaendesha basi la wafanyakazi wa ujenzi, Mama ni msaidizi wa wauguzi kwenye kliniki. Ada za shule za hapa ziliwashinda, basi Mama akasema tutasomea nyumbani kwa vitabu vya Kenya, halafu kila mtu akikaribia mtihani atarudishwa kwetu aufanye. Meza ya kulia ndiyo ilikuwa darasa. Asubuhi tunaondoa vikombe, tunapanga vitabu.

Tulipohamia huku mimi nilikuwa nimemaliza darasa la tano Kenya. Mdogo wangu Tito alikuwa na wiki chache tu za darasa la pili. Kwa kuwa Mama alikuwa na zamu, mwalimu wa Tito nikawa mimi. Aliniita Ticha. Anabisha hodi kwenye mlango wa chumba chetu wenyewe, kwa adabu kabisa, "Ticha, naweza kuingia?" halafu anaingia na chapati mdomoni.

Kwa hivyo usifikiri hii ni hadithi ya mtoto asiyependwa. Nilimpenda. Nampenda.

Ijumaa tulikuwa tunaenda kanisani Mesaimeer. Sande skuli yetu ni Ijumaa, huku ndivyo ilivyo. Hapo ndipo nilipokutana na msichana nitakayemwita Daisy. Baba yake ni injinia. Yeye na kaka yake pia walisomea nyumbani, lakini vitabu vyao vilitoka Amerika ndani ya sanduku, vina rangi, vinanukia upya. Siku moja alikuja na ensaiklopidia ya watoto, jalada gumu linalong'aa, akaifungua mapajani tukitazama nyangumi.

"Nyinyi mnafuata silabasi gani?" akaniuliza.

"Ya... mchanganyiko," nikasema.

"Mchanganyiko kama githeri, mahindi na maharagwe?" akasema kaka yake, na benchi lote likacheka.

Tito, aliyekuwa kando yangu, akadhani ananisaidia. "Hapana, tuko na vitabu vya Kenya. Mama amevifunika na gazeti la Kiarabu visichafuke."

Wakacheka zaidi. Tito naye akacheka nao. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Usiku ule sikuandika chochote kwenye daftari ila neno moja: githeri.

Wiki chache baadaye Auntie Nafula alikuwa anaenda likizo Kenya. Yeye na Mama walifanya kazi pamoja kabla hajahamishiwa kliniki ya Al Wakrah. Kama umeishi Ghuba unajua: mtu akienda nyumbani, kila rafiki anaomba kilo. Huyu kilo mbili za unga wa wimbi, yule kilo moja ya majani chai. Auntie Nafula alimpa Mama kilo saba, zote za vitabu. Ni zawadi kubwa hiyo.

Mama akaandika orodha nyuma ya bahasha. Hesabu, Kiingereza, Sayansi, Jamii. Kisha Kiswahili: kitabu cha darasa, kitabu cha insha, na kamusi. Kamusi aliipigia mstari mara mbili. Akanipa nimwandikie Auntie kwa simu, kwa sababu mimi nina mwandiko wa haraka kwenye simu, yeye anatafuta kila herufi kama anayechagua mchele.

Niliiandika orodha yote. Mwisho wake, bila kumwambia, nikaongeza ensaiklopidia ya watoto, ile kubwa.

Siku Auntie alipokuwa anafunga mizigo Nairobi, Mama alikuwa amelala baada ya zamu na simu yake ilikuwa jikoni inachajiwa. Ujumbe ukaingia. Nakumbuka nilikuwa nakaanga vitunguu.

"Dada, nimepima, vimezidi karibu kilo tatu na nusu. Hiyo ensaiklopidia ni jiwe. Niache nini?"

Ningeweza kumwamsha Mama. Mlango wa chumba uko hatua sita kutoka jikoni. Nilizima moto, nikashika simu, nikaandika:

"Acha za Kiswahili na kamusi. Hiyo lugha tunaongea kwa nyumba. Leta ensaiklopidia. Ubarikiwe sana."

Hilo "ubarikiwe sana" ni la Mama. Humalizia hivyo kila ujumbe. Niliiba hata baraka zake. Kisha nikafuta ujumbe wangu na wa Auntie, nikawasha moto tena.

Vitabu vilipofika Baba ndiye aliyevichukua Al Wakrah akitoka kushusha watu. Mama akavipanga kitandani, akahesabu, akahesabu tena.

"Na Kiswahili?"

"Auntie alisema amekosa. Wanangoja toleo jipya."

"Amekosa Nairobi nzima?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Na hili gogo ni la nani?"

"Aliona ni zuri, akajaza nafasi."

Mama alilipapasa lile jalada. Akasema, "Basi Kiswahili utamfundisha na kichwa chako. Wewe Kiswahili chako ni kizuri." Akaenda kuvaa sare zake.

Nilijaribu, kweli. Kwa wiki kama tatu nilimfundisha Tito ngeli nilizozikumbuka. Lakini bila kitabu mtu anafundisha anachokumbuka, na anachokumbuka kinaisha. Baada ya hapo kipindi cha Kiswahili kikawa cha insha tu. Anaandika, nasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Na Kiswahili cha Tito, ndugu zangu, kilikuwa cha Doha. Alicheza na Waganda, Wasudani, Wahindi, na mzee wa duka la kona, na kila mmoja alimwachia kitu. Duka kwake lilikuwa baqala. Mkate ulikuwa khubuzi. Kitu kikiisha, khalas. Aliwahi kuandika insha, "Siku Nitakayoikumbuka", naikumbuka hata mimi:

"Nilienda baqala kununua khubuzi. Pesa yangu ikakosa. Mzee akasema mafi mushkila, leta kesho. Nikafurahi sana, nikarudi nyumba mbio."

Nilielewa kila neno, hata mafi mushkila, yaani hakuna shida. Ndiyo taabu yenyewe. Nikaweka tiki, nikampa themanini kwa mia, nikaandika chini "Kazi nzuri". Mama alipoangalia daftari Ijumaa aliona nyekundu nyingi na themanini, akafurahi.

Ensaiklopidia je? Nilimwonyesha Daisy. Akasema, "Aa, hiyo. Sisi tulishaimaliza."

Mwaka uliofuata Mjomba, kaka yake Mama anayeishi Kitale, alimpatia Tito nafasi kwenye shule ya bweni. Lakini walitaka mtoto aingie darasa la saba, ili akae nao miaka miwili kabla ya mtihani wa taifa, na kwanza afanye intavyuu. Tito alikuwa na miaka kumi na miwili. Hesabu anazijua. Kiingereza chake kilikuwa kinatiririka. Tulimsindikiza uwanja wa ndege na begi jipya, akanipigia saluti, "Ticha, nitakuletea namba wani."

Mjomba alipiga simu Mama akiwa anakunja nguo. Akaweka spika.

"Dada, Hesabu amepita wengi. Kiingereza mwalimu mwenyewe ameshangaa. Lakini Kiswahili..."

"Kiswahili nini?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne kwa ngapi?"

"Kwa mia, dada. Mwalimu mkuu amenionyesha karatasi. Wameandika 'Ufunguo umepotea', aweke kwa wingi. Ameandika 'Maufunguo imepotea'. Mtaka cha mvunguni, amalizie. Ameandika 'asukume kitanda'."

Baba alicheka kidogo, akaacha.

"Kwenye insha kuna maneno hata mwalimu hajui. Alidhani mtoto anatukana. Wamesema hawawezi kumweka la saba. Watamchukua, lakini la tano."

Mama alikaa juu ya nguo alizokuwa amekunja. Mvulana wa miaka kumi na miwili, mrefu kama mlingoti, akae na watoto wa miaka kumi.

Baba akamgeukia Mama. "Wewe ndiye uliyesema nyumbani kunatosha. Mimi nilisema turudishe watoto mapema. Nilisema."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na shuka mkononi. Nilikuwa na maneno matano tu ya kusema: Mama hana kosa, ni mimi. Hata hayo matano sikuyasema. Wiki tatu nzima Baba alimlaumu Mama mbele yangu, mezani, garini, na mimi nikapitisha chumvi.

Nilikuja kugunduliwa kwa shukrani.

Ilikuwa Ijumaa baada ya ibada, kwenye lile jua la uwanja wa kuegesha magari. Auntie Nafula hakuwa na zamu siku hiyo. Alimkumbatia Mama, akasema, "Aki dadangu sijawahi kukushukuru vizuri. Ile kamusi mtoto wa dada yangu ameitumia mpaka jalada limetoka. Yeye ndiye wa kwanza kwa Kiswahili darasani."

"Kamusi gani?" Mama akauliza.

"Si ile uliniambia niiache! Na vile vitabu viwili. Sikutaka vilale bure, nikampa yule mtoto."

"Mimi?"

Auntie akacheka akidhani ni mzaha. Akatoa simu, akapandisha, akapandisha, mwaka mzima wa ujumbe, mpaka akaupata. Akampa Mama asome.

Mama alisoma polepole. Niliona midomo yake ikifika "ubarikiwe sana" na kusimama hapo. Akamrudishia Auntie simu, akasema, "Ni kweli. Nilikuwa nimesahau." Akamuaga kwa upole. Hakuniaibisha mbele ya watu. Hata hapo.

Ndani ya gari aliniambia kitu kimoja, akiangalia mbele. "Ungeniambia hutaki kuonekana na vitabu vyangu, ningelia, nikanyamaza. Lakini ulijibu ukiwa mimi."

Baba alimwomba Mama msamaha siku hiyo hiyo. Mimi nilimwomba baadaye, naye alinisamehe, kwa mdomo na nadhani kwa moyo pia. Lakini tangu siku hiyo simu yake haichajiwi jikoni. Huenda nayo kazini, na akilala huiweka chini ya mto. Ujumbe wake huuandika mwenyewe, herufi moja moja, na mimi nikipita karibu huugeuza uso wa simu chini.

Yote hayo nimezoea. Nililoshindwa kuzoea ni Tito.

Alikuja Desemba. Amerefuka sana, sauti imekuwa nzito. Alikuwa amebeba daftari lake la zamani la insha, lile la kalamu nyekundu. Mwalimu wake mpya alikuwa ameliomba ajue alianzia wapi. Akaliweka mezani mbele yangu, wazi, ukurasa wa ile insha ya siku atakayoikumbuka.

"Niliwaambia wenzangu darasani ni sawa," akasema. "Walipocheka niliwaambia dada yangu anajua Kiswahili na aliweka tiki. Nilienda nikaleta daftari niwaonyeshe."

Alilibeba kama ushahidi. Wakacheka zaidi.

Nikamweleza yote, ujumbe, kamusi, ensaiklopidia, Daisy. Alisikiliza. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu: "Kwa hivyo ulijua si sawa ulipoweka tiki?"

Nikasema ndiyo.

Akafunga daftari. Jioni ile chumvi iliisha na Mama akamtuma. Nikataka turudi tulivyokuwa, nikasema kwa utani, "Twende wote baqala, nikununulie juisi."

Akasimama mlangoni. "Usiniite hivyo."

"Sijakuita. Nimesema tunaenda..."

"Ndilo jina langu shuleni. Baqala. Hata walimu." Akavaa viatu. "Naenda dukani, Mama."

Akaenda peke yake. Sasa Kiswahili chake ni safi, safi kuliko changu, na hunisalimia nacho kwenye simu kama anayemsalimia mgeni. Hujambo. Sijambo. Masomo yanaendelea vyema. Ticha hahitajiki tena, na jina hilo hajalitamka tangu Desemba.

Wewe unayefundisha mdogo wako au mwanao kwenye meza ya kulia, ukipewa orodha uchague, chagua kitabu cha mtoto atakayekisoma. Watu watakaokiona mapajani mwako hawatakaa naye kwenye chumba cha mtihani. Na lugha mnayoongea nyumbani, ndiyo ya kwanza kuinunulia kitabu, kwa sababu hiyo hakuna atakayegundua imeharibika mpaka siku mtoto atakapoifungulia mdomo mbele ya wageni. Ukiona amekosea, mwambie amekosea. Tiki ya uongo ataibeba kwa mikono miwili, akawaonyeshe watu.

Ensaiklopidia ipo. Tumeiwekea jungu la wali juu. Chumvi ikiisha mtu husema anaenda dukani, na sote watatu tunaangalia pembeni.